Nina Utando Kwenye Mshipa wa Shingo, na Mume Wangu Hajui

Mama, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 35, fundi cherehani hapa Tanga. Nimeolewa, tuna mtoto mmoja wa kiume, yuko darasa la pili. Naomba usitaje jina langu. Na kama barua itakuwa ndefu, kata popote unapotaka, ila usikate pale ninapoeleza sababu, maana najua watu watasema mimi ni mwanamke msiri.

Mwaka jana, mfungo ukielekea ukingoni, nilipata kiharusi. Mafundi wenzangu wanazijua siku zile: nguo za Idi zimejaa mpaka mlangoni, usingizi hakuna. Nilikuwa nakata kitenge, mkasi ukaniponyoka mkono wa kulia. Nikataka kumwambia binti ninayemfundisha kazi aniokotee, maneno yakagoma. Najua kabisa ninachotaka kusema, lakini kinachotoka ni sauti tu. Binti akaanza kulia kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umekwenda upande. Jirani mmoja akasema huo ni upepo mbaya, nisiguswe mpaka aitwe mtu wa kunisomea. Mteja wangu mmoja, Mungu ambariki, hakusikiliza la mtu. Alinipakia kwenye bajaji hadi hospitali.

Huko kila aliyeshika faili langu aliniuliza tena umri. Presha ilikuwa ya kawaida. Sukari sina. Moyo wakaupima, mzima. Damu wakapima kila walichoweza kupima. Sivuti sigara wala sinywi pombe. Mwisho wakasema labda ni mawazo, wakanipa aspirini na dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu, wakanipeleka kwenye mazoezi ya viungo. Maneno yalirudi baada ya wiki chache. Mkono nao ulirudi, ila haukurudi wote. Kifungo cha shati nakishika vizuri nikiwa nakitazama. Nikigeuka kumjibu mteja, nikirudisha macho kifungo kiko chini na vidole vyangu bado vimebana, havina habari kwamba havijashika kitu. Sindano ananitungia binti.

Baadaye nilipewa rufaa kwenda Dar es Salaam. Mume wangu ni dereva wa lori na alikuwa safarini, kwa hiyo nilikwenda na mdogo wangu wa kike. Nilipigwa picha ya CT ya shingo, ile unayochomwa dawa mkononi mwili mzima ukapata joto. Daktari akatuita, akatugeuzia kompyuta. Kwenye mshipa mkubwa wa kushoto wa shingo, pale unapogawanyika chini ya taya, kuna kitu chembamba kimejitokeza kwa ndani. Akasema ni utando. “Wewe ni fundi, utanielewa,” akaniambia. “Ni pindo lililoshonwa mahali ambapo si pake, uchafu unanasa hapo.” Damu inazubaa nyuma ya ule utando, inaganda, na bonge likichomoka linakwenda kichwani. Ndicho kilichonipata. Halafu akasema neno ambalo nalala nalo na kuamka nalo: linaweza kutokea tena.

Alisema naweza kuendelea na dawa huku wananifuatilia, au utando ushughulikiwe wenyewe, kwa kupasuliwa shingo na kuutoa au kwa kuwekewa stenti, kile kijibomba cha wavu kinachobanwa ndani ya mshipa. Nikafikirie, halafu nirudi na familia. Gharama alizotaja ni mamilioni, na bima sina. Akasema pia kuna watu wanakwenda India.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mume wangu, “Wameiona mishipa, wamesema niendelee na aspirini.” Si uongo, mama. Lakini si kweli yote.

Sasa sababu. Miaka ya nyuma mama mkwe alipata saratani. Mume wangu aliuza pikipiki yake na shamba la urithi kule Muheza ndani ya wiki moja, kwa bei ya kutupa, bila kuniuliza. Akampeleka mama yake nje. Alifia huko huko. Tuliishi kwa madeni hadi mtoto wetu akaanza kutembea, na mpaka leo mume wangu hapendi kupita njia ya lile shamba. Sasa tuna kiwanja Pongwe. Ni pesa yangu ya mchezo na pesa yake ya safari, na tofali tumeshaanza kushusha. Nikitamka “utando” na “India” kwenye sentensi moja, kile kiwanja hakipo. Na nikifa mezani, mtoto wangu atabaki hana mama wala hana pa kukaa.

Tena kuna hili. Tangu niugue, mume wangu akiwa nyumbani anaamka usiku kuniwekea kidole puani aone kama napumua. Hataki nipande bodaboda. Hataki nibebe ndoo. Tulikuwa tumepanga mtoto wa pili, sasa hata kuzungumza habari hiyo hataki, nami naendelea na vidonge vya majira. Akijua kuna kitu bado kiko shingoni, nitakuwa mgonjwa wake mpaka siku ya kufa.

Mama yangu mzazi yeye ana lake. Anasema nimetupiwa kitu, na ameshamleta bibi mmoja wa kunikanda na kuninyoosha shingo. Mdogo wangu naye amenipa muda: nisipomwambia shemeji yake kabla ya kliniki ya mwezi ujao, atamwambia yeye.

Nimwambie au ninyamaze? Na nipasuliwe au nibaki na dawa?

Fundi, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Sijakata neno hata moja.

Umeniuliza maswali mawili, lakini ndani ya barua yako yamekwisha kuwa swali moja. Kwako wewe, kumwambia mume maana yake ni kukubali kupasuliwa, kupasuliwa maana yake ni India, na India maana yake kiwanja cha Pongwe kimekwenda. Kwa hiyo ukajikuta unalinda kiwanja kwa kufunga mdomo. Naielewa njia uliyopita kufika hapo. Ila nataka tuyatenganishe haya mambo kidogo, kila moja tulione peke yake, halafu wewe ndiye utakayeamua kama kweli yanakwenda pamoja.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mimi si daktari. Sehemu hii nimeipitia pamoja na daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu kabla ya kuiandika, kwa sababu sikutaka kukubahatishia.

Mshipa uliouona kwenye kompyuta unaitwa karotidi. Unapanda kila upande wa shingo, na karibu na pembe ya taya unagawanyika, tawi moja likilisha uso na jingine ubongo. Pale kwenye mgawanyiko ndipo utando kama wako hukaa, mara nyingi kwenye ukuta wa nyuma. Ni nyuzinyuzi za ukuta wenyewe wa mshipa. Si mafuta yaliyoganda kwa sababu ya chakula, wala hautokani na presha au sukari, na ndiyo maana vipimo vyako vyote vilitoka safi. Hata kipimo cha shingo cha mawimbi ya sauti, ile ultrasaundi, mara nyingine hupita juu yake bila kuuona. Picha ya CT yenye dawa huuonyesha vizuri zaidi. Na kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio unaoshika usemi, mkasi na maneno vilikutoka kwa pamoja.

Madaktari wameuandika utando huu tangu miaka ya 1960, lakini ulisahaulika muda mrefu. Kisiwani Martinique, katika Karibi, ambako wakazi wengi ni wa asili ya Afrika, waliwachunguza watu wenye umri mdogo waliopata kiharusi kisichoeleweka chanzo, wakaukuta kwao zaidi kuliko kwa wasiopata kiharusi. Taarifa kutoka kwingine nazo zinaonyesha kwamba wanaokutwa nao wengi ni wanawake, na wengi hawajafika uzee. Nakwambia haya kwa sababu umeambiwa ni mawazo, umeambiwa ni upepo, na nahisi kuna pembe ya moyo wako inayouliza kama ni zile nguo za Idi na kukesha. Hakuna ulichokosea. Ukuta wa mshipa wako una umbo hilo, na hukuwa na namna ya kulijua.

Sasa lile neno unalolala nalo. Kweli, kinaweza kurudi. Kuna utafiti uliofanywa Uholanzi, ukachapishwa 2021, uliowafuatilia watu waliopata kiharusi kikubwa. Kati ya waliokuwa na utando kwenye upande uliosababisha kiharusi, watu 17 katika kila 100 walipata kingine ndani ya miaka miwili. Kwa wasiokuwa na utando ilikuwa 3 katika kila 100. Tofauti hiyo si ndogo, na sitaki kuifunika. Lakini ujue pia kwamba waliokuwa na utando katika utafiti ule walikuwa 30 tu, na viharusi vyao vilikuwa vizito kuliko chako unavyokieleza. Kwa idadi hiyo ndogo, mtu mmoja zaidi au mmoja pungufu angebadilisha hesabu. Chukua namba hiyo kama sababu ya kulishughulikia jambo hili mapema, usiichukue kama tarehe yako.

Kubaki na dawa kuna uzuri wake. Hakuna kisu, gharama ni ndogo, na kiwanja kinabaki. Aspirini inapunguza nafasi ya damu kuganda, ingawa nayo ina mambo yake, hasa tumbo na kutoka damu. Udhaifu wa njia hii ni kwamba utando unabaki pale pale, na wapo waliopata kiharusi cha pili huku wakimeza dawa kila siku bila kukosa. Upasuaji unauondoa wenyewe: shingo inafunguliwa, mshipa unafunguliwa, utando unatolewa, mshipa unashonwa. Hatari yake kubwa ni ile ile unayoikimbia, kiharusi wakati wa operesheni au mara baada yake. Pia zipo neva za ulimi na za sauti zinazopita jirani, na zinaweza kuguswa. Stenti huingizwa kwa mpira mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja au wa mkono, kwa hiyo shingo haipasuliwi. Lakini inabaki ndani maisha yako yote, na kwa miezi kadhaa utahitaji dawa mbili za kuzuia damu kuganda bila kuruka hata siku, kisha moja ya kuendelea nayo. Kwa mwanamke anayetaka mtoto wa pili, hizo dawa mbili ni jambo la kupanga na daktari kabla, si baada.

Ipi bora? Waliotolewa utando au kuwekewa stenti, kwa taarifa zilizopo, wachache sana walipata kiharusi tena. Lakini taarifa hizo ni za vikundi vidogo, na hakuna jaribio kubwa lililokwisha kufanywa la kulinganisha njia hizi uso kwa uso. Ndiyo maana daktari wako alikurudishia uamuzi badala ya kukuandikia tarehe ya operesheni. Naona ulilipokea hilo kama kutupiwa mzigo. Mimi nalisoma kama uungwana: alikuambia kweli ya kile kinachojulikana na kile ambacho bado.

Unasema akitajiwa utando, kiwanja hakipo. Inawezekana, wewe unamjua kuliko mimi. Ila tazama tena ile wiki aliyouza shamba la Muheza. Alikuwa na mama anayekufa, hana karatasi yenye bei mkononi, na hana mtu wa kumwambia ngoja kwanza. Aliuza kwa sababu kuuza ndicho kitu pekee alichoweza kufanya. Safari hii unao muda. Ipo kliniki, yupo daktari anayeeleza, na zipo njia zaidi ya moja, mojawapo ikiwa haihitaji kuuza hata tofali. Hujui bado mume wako anakuwaje akiwekwa kwenye hali hiyo, kwa kuwa hajawahi kuwekwa. Na wala hujui kama India inahitajika. Pale Muhimbili ipo taasisi ya MOI inayotibu ubongo na mishipa ya fahamu, na ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Muulize daktari wako kazi hii inafanyika wapi hapa nchini, nani anaifanya, amewafanyia wangapi wenye tatizo kama lako, na walitokaje. Omba gharama kwa maandishi. Ukiwa hapo hapo, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Wengi hawaendi kwa aibu, na ndiyo ofisi inayoshughulikia wagonjwa wasiomudu malipo.

Tena nina swali juu ya kile kidole puani. Wewe unakieleza kama sababu ya kunyamaza. Mimi nilipokisoma nikajiuliza: mtu huyu, ambaye ameambiwa mambo yako shwari, mbona bado anaamka usiku? Huenda hakukuamini. Huenda alikuamini, lakini yale aliyoyaona mama yake akiugua hayajamtoka. Vyovyote iwavyo, hofu iko kitandani mwenu tayari, na yeye anaihangaikia gizani bila kujua inatoka wapi. Siwezi kukuahidi kwamba akijua atatulia. Wapo waume wanaojua kila kitu na bado wanamfungia mke ndani asiguse ndoo. Hilo likitokea, litakuwa jambo la kuzungumza kwa maneno makavu: hiki nitafanya, hiki nitaomba msaada, bodaboda nitapanda au sitapanda kwa kauli ya daktari, si kwa hofu ya mtu. Mazungumzo hayo huwezi kuyafanya naye sasa, kwa sababu yeye hajui mnazungumza kuhusu nini.

Kuna njia zaidi ya moja ya kumwambia. Unaweza kumwambia mwenyewe, nyumbani, kabla ya kliniki. Hapo atapata muda wa kukasirika na kutulia kabla hajakaa mbele ya daktari, lakini pia atapata muda wa kuanza kupiga simu kutafuta mnunuzi. Unaweza kumwomba aje tu kliniki, daktari aeleze mbele yenu wote, na kwa kuwa daktari aliomba familia, hilo halihitaji maelezo mengi. Ubaya wake ni kwamba atagundua mbele ya mgeni kwamba wewe ulishajua, na wanaume wengi hilo huwauma kuliko habari yenyewe. Au umshirikishe mtu mzima anayemheshimu, kaka au mjomba, akae nanyi. Ukichagua hiyo, uwe na hakika na mdomo wa huyo mtu. Nyumba zetu unazijua. Na kama kiwanja kimeandikwa majina yenu wawili, kumbuka hakiwezi kuuzwa halali bila sahihi yako. Kama kina jina lake peke yake, hilo nalo ni la kuzungumza siku yoyote, ugonjwa uwepo usiwepo.

Ukiamua kunyamaza kwa sasa, sitakuita msiri. Ila uhesabu pia bei ya ukimya, kwa maana barua yako imehesabu bei ya kusema tu. Mdogo wako anaweza kulitoa kwa namna ambayo hukuichagua. Unaweza kumwomba akuongezee muda, na pengine atakuelewa ukimpa siku maalumu badala ya “baadaye”. Na kuna hili linalonitia wasiwasi zaidi: ikitokea usiku, ukiwa huwezi kusema, mtu aliye pembeni yako atajua nini? Ipo dawa ya kuyeyusha bonge la damu inayoweza kutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, kwenye hospitali zilizo nayo, na hata pale isipokuwepo, kufika mapema kunasaidia mengine mengi. Mume asiyejua habari ya utando anaweza kusubiri kukuche. Anaweza kuita msomaji.

Kwa hiyo hata kabla hujaamua lolote juu ya mumeo, nakuomba binti wa kazini aelekezwe. Mdomo ukienda upande, mkono ukikosa nguvu, maneno yakikwama, hata kama vitapita baada ya dakika chache: atazame saa, atafute gari, akupeleke hospitali. Asikupe maji wala chakula wala kidonge, maana kumeza kunaweza kuwa kumeharibika. Na uwe na karatasi kwenye pochi iliyoandikwa una utando kwenye karotidi ya kushoto, ulipata kiharusi lini, na dawa unazotumia. Karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea kama maneno yatagoma tena.

Kwa mama yako mzazi, mwanangu, mheshimu, mwache akuombee. Kisomo na dua havigombani na aspirini. Lakini yule bibi asiguse shingo yako. Kukandwa mkono ule wenye ganzi ni jambo moja. Kuvutwa shingo, kuzungushwa, kuvunjwa ilie, ni jambo jingine, na hili nawaambia wasomaji wote, pamoja na wanaume wanaofanyiwa hivyo kwa kinyozi. Ukuta wa mshipa wa shingo unaweza kuchanika kwa ndani, damu ikaganda kwenye ule mchaniko na kwenda kichwani. Huo ni ugonjwa tofauti na wako, na kwa watu walio chini ya miaka 50 ni moja ya sababu kubwa za kiharusi. Huhesabiwa kuwa nyuma ya takriban kimoja kati ya vitano. Wakati mwingine unatokea bila kuguswa na mtu. Mwenye maumivu mapya makali ya upande mmoja wa shingo au kichwa, hasa kope ikilegea na mboni ya jicho hilo ikawa ndogo, aende hospitali siku hiyo hiyo. Kwa shingo ambayo tayari ina bonge lililowahi kuchomoka, sioni sababu ya mtu yeyote kuivuta.

Kuna jambo umelipitia haraka mno kwenye barua. Ulisema mume akijua utakuwa mgonjwa wake mpaka kufa. Nimelirudia mara nyingi hilo. Kiwanja kina thamani, nakubali, lakini nahisi unachokilinda zaidi ni yule fundi aliyekuwa akikata kitenge kabla mkasi haujaanguka, na hutaki mtu yeyote amtazame kwa huruma. Kama nimekosea utaniambia. Theluthi moja hivi ya waliopata kiharusi hupata pia sonona, na kukosa usingizi ni moja ya milango yake. Mwambie daktari hilo pia, usimwambie ya shingo tu. Na kidole kisichohisi kifungo, mwambie mtaalamu wa mazoezi kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi, kwa kuwa yapo mazoezi ya kurudisha hisia, tofauti na ya nguvu.

Habari ya mtoto wa pili nayo haijafungwa na ugonjwa huu. Wapo wanawake wenye historia ya kiharusi wanaobeba mimba chini ya uangalizi wa karibu, na aspirini ya kipimo kidogo hutumika katika ujauzito kwa maelekezo ya daktari. Mpangilio wa nini kitangulie, matibabu au mtoto, ni swali la kwenda nalo kliniki mkiwa wawili.

Moja tu halingoji kliniki wala halihitaji ruhusa ya mume. Vidonge vya majira vipo vya aina tofauti, na vile vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda. Shirika la Afya Duniani linasema havifai kabisa kwa mwanamke aliyewahi kupata kiharusi. Sijui vyako ni vipi, na nashangaa kwamba barua yako haisemi kama kuna aliyekuuliza. Beba pakiti yenyewe, nenda kituo cha afya wiki hii, uwaambie una historia ya kiharusi, wakupe njia nyingine. Usiache tu na kukaa bila kinga, kwa kuwa mimba isiyopangwa ukiwa kwenye dawa za kiharusi na swali hili bado wazi itakuongezea uamuzi mwingine wa haraka.